Sheria ya Mungu mbele ya kamera: Jane Eyre ya 1983 na ya 2006

Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë iliyotoka London Oktoba 1847 kwa jina la bandia la Currer Bell, imejengwa juu ya kukataa. Jane ni yatima anayefundisha mtoto katika jumba la Thornfield. Amekwisha fika kanisani kufunga ndoa na mwenye jumba, Edward Rochester, ndipo inapofichuka kwamba bwana huyo ana mke aliye hai, Bertha Mason, mwenye wazimu, aliyefungiwa orofa ya juu ya nyumba hiyohiyo. Rochester anamsihi waende wakaishi pamoja kusini mwa Ufaransa. Jane anampenda, hana jamaa wa kuona aibu kwa ajili yake, wala hana pa kwenda. Hata hivyo anakataa, na alfajiri anaondoka kimyakimya. BBC imeisimulia asubuhi hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara sababu ya kuondoka kwake imekuwa na sura nyingine.

Kitabuni, katika sura ya 27, sababu ni mbili na zimeshikana. Ya kwanza ni heshima yake mwenyewe: kadiri anavyokosa mtu wa kumjali, ndivyo anavyowajibika kujijali. Ya pili ni sheria iliyowekwa na Mungu na kukubaliwa na wanadamu. Hapo Jane anatoa hoja ambayo mwanafalsafa Immanuel Kant angeisikiliza kwa makini. Sheria, anasema, hazikuwekwa kwa ajili ya saa za utulivu. Zimewekwa kwa saa kama hii, ambapo mwili na roho vimeasi kwa pamoja. Mtu akiruhusiwa kuzivunja kila zinapombana, zitakuwa na thamani gani? Anakiri kwamba kwa wakati ule haioni thamani hiyo, kwa kuwa damu inamchemka. Anashikilia alichokiamini akili zilipokuwa zimetulia.

Wasomaji wa 1847 hawakuhitaji kuelezwa ugumu wa Rochester. Kabla ya sheria ya 1857, talaka kamili huko Uingereza ilihitaji Bunge lipitishe sheria mahsusi kwa ajili ya wanandoa wenyewe, na wazimu wa mwenzi haukukubaliwa kuwa sababu ya talaka hadi 1937. Mtazamaji wa leo anajiuliza mapema kwa nini bwana huyu hakumpa mkewe talaka, na tamthilia isipolijibu swali hilo, kukataa kwa Jane kunaonekana kuwa ukaidi tu.

Tamthilia ya 1983 ina sehemu 11 za karibu nusu saa kila moja. Muswada ni wa Alexander Baron, mwongozaji ni Julian Amyes; Zelah Clarke ni Jane na Timothy Dalton ni Rochester. Sehemu kubwa ya mandhari ya ndani ilirekodiwa kwa video studioni, kama ilivyokuwa desturi ya BBC wakati huo, na leo mwanga wake unaonekana mkavu na kuta zake nyembamba. Lakini ina muda. Watu wanakaa, wanazungumza, wanabishana, na mazungumzo yenyewe yamechukuliwa kwa wingi kutoka kitabuni. Katika kuagana, Dalton anapaza sauti, anabembeleza, anatisha. Clarke hasogei sana. Anajibu hoja kwa hoja, na mtazamaji anamwona mtu anayefikiri huku ameumia.

Ile ya 2006, iliyoandikwa na Sandy Welch na kuongozwa na Susanna White, ina sehemu nne tu za takriban saa moja. Ruth Wilson na Toby Stephens ndio wahusika wakuu, na kasri la Haddon Hall, Derbyshire, ndilo Thornfield. Kuagana hakuonyeshwi pale kulipotokea. Jane anaonekana kwanza akitangatanga nyikani, kisha, akiwa tayari kwa akina Rivers, familia iliyompa hifadhi, kumbukumbu inarudi kwa vipande: yeye na Rochester wamelala kitandani, wanabusiana, naye Rochester anamweleza maisha watakayoishi kando ya bahari ya Mediterania. Wilson anaigiza vizuri mno. Uso wake unasema yote kuhusu gharama ya kuondoka. Kuhusu sababu ya kuondoka, unasema kidogo.

Hapo ndipo lilipo swali la kifalsafa. Mwaka 1958 Elizabeth Anscombe, mwanafalsafa Mkatoliki wa Oxford, alichapisha makala akidai kwamba dhana ya wajibu wa kimaadili, ile iliyomo katika neno “lazima”, ni mabaki ya zama ambazo watu waliamini kuna Mungu anayetoa sheria. Imani hiyo ikiondoka, neno linabaki na mkazo wake bila msingi uliolibeba. Alilinganisha na dhana ya mhalifu kuendelea kutumika baada ya mahakama na sheria za jinai kufutwa na kusahaulika. Tamthilia ya 2006 ni kielelezo kizuri cha hoja hiyo, pengine bila kukusudia. Mkazo umebaki: Jane lazima aondoke, kwa sababu hadithi inadai hivyo. Msingi umefifia, na mahali pake imewekwa heshima ya nafsi.

Je, heshima ya nafsi inatosha? Kuna wanaosema inatosha kabisa. Rochester amekwisha kumsimulia Jane jinsi alivyowachoka na kuwadharau mahawara wake wa zamani, na Jane anaona kwamba naye angefikia hapohapo. Hiyo ni sababu nzuri isiyohitaji dini. Udhaifu wake ni kwamba inategemea matarajio. Ingethibitika kwamba Rochester hatamchoka kamwe, sababu ingekwisha. Jane wa Brontë angeondoka hata hivyo.

Haki inataka isemwe pia kwamba 2006 inaona jambo ambalo 1983 inalipitia kwa adabu. Sheria haina uzito mpaka kilichokatazwa kionekane kinatamanika. Clarke ametulia kiasi kwamba mara nyingine ushindi wake unaelekea kuwa rahisi; mbele ya Wilson hakuna anayeweza kufikiri hivyo. Kila tamthilia imeshika nusu ya hoja ya sura ya 27, na nusu ya 1983 ndiyo ngumu zaidi kuipata kwenye televisheni.

Kinachosalia cha dini katika tamthilia mpya kwa kawaida ni ubaya wake. Brocklehurst, kasisi anayesimamia shule aliyosoma Jane na kuamuru nywele za wanafunzi zikatwe huku binti zake wamejipamba kwa manyoya na hariri, hakosekani. Helen Burns, mwanafunzi mwenzake anayemfundisha Jane kusamehe kabla ya kufa kwa kifua kikuu, hupewa dakika chache. Ajabu ni kwamba kitabu chenyewe kilishutumiwa kwa kuipinga dini: mhakiki Elizabeth Rigby, katika Quarterly Review ya Desemba 1848, alikiita kinyume cha Ukristo. Brontë, binti wa kasisi wa Kianglikana wa Haworth, alikuwa amekwisha kujibu shutuma za namna hiyo katika dibaji ya toleo la pili, akitenganisha dini na unafiki wa wanaojiona wema.

Sauti inayomwita Jane usiku inaleta shida ya aina yake. Ameomba aonyeshwe njia, ndipo anapomsikia Rochester akimwita kutoka mbali. Baadaye Rochester anamsimulia kwamba usiku huo alikuwa akisali na jina la Jane likamtoka mdomoni. Jane mwenyewe anakataa kuiita ushirikina au muujiza, anasema ni kazi ya maumbile. Kwenye televisheni, sauti ya mtu asiyeonekana ni mbinu ya kila siku ya kuonyesha kumbukumbu au hamu. Mtazamaji anaisikia na kudhani Jane amemkumbuka mpenzi wake, basi.

Mwenye kuumia zaidi katika mabadiliko haya ni St John Rivers, mchungaji anayetaka kumwoa Jane ili waende naye India kueneza injili. Mwaka 1847 mtu wa namna hiyo hakuwa kikaragosi. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa 1844 na kumzika mkewe na mtoto wao mchanga mwaka uleule, alikuwa wakati huo Rabai, katika misheni aliyoianzisha 1846. Brontë anampa St John ukurasa wa mwisho wa riwaya, akikikaribia kifo huko India, na maneno yanayofunga yametoka mwisho wa kitabu cha Ufunuo. Tamthilia ya 2006 inamalizia kwa picha ya familia ya Jane na Rochester ikichorwa bustanini. Jane amewakataa wanaume wawili: mmoja alitaka penzi bila sheria, mwingine alitaka ndoa bila penzi kwa jina la Mungu, na wote wawili aliwakataa akiwa muumini. St John akiigizwa kama mtu baridi tu, kumkataa hakumgharimu Jane chochote, na ukurasa ule wa mwisho hauna tena kazi ya kufanya kwenye skrini.