Mchuma Janga na Wa Kwao

Wazee wetu walisema: mchuma janga hula na wa kwao. Methali hii tunaitumia zaidi kumsuta aliyekosea, tukamwambia kuwa ametuponza. Mimi leo nataka kuisoma upya, neno kwa neno, kama nisomavyo ubeti kabla ya kuutafsiri. Methali haikusema kuwa mchuma janga atakula peke yake. Wala haikusema kuwa wa kwao ndio waliomtuma kulichuma. Imesema hula “na” wa kwao, na katika kineno hicho kimoja mna swali ambalo limenisumbua kwa miaka mingi: mtu aliyejitia mwenyewe katika unga anatudai nini sisi ambao hatukuuonja?

Nilikuwa na mdogo wangu. Jina lake nitalihifadhi. Alikuwa miongoni mwa vijana walioukuta unga ukiwa umekwishaingia visiwani mwetu, maana heroini ilianza kuonekana huku katika miaka ya 1980, ikipita katika bahari ile ile iliyotuletea tende na mazulia. Alianza kwa moshi, ndani ya sigara, pamoja na wenziwe. Baadaye moshi haukumtosha. Redio ikatoka nyumbani, kisha cherehani ya mama, kisha imani yetu kwake.

Usiku mmoja alinijia mwenyewe akaniambia: “Kaka, nifungie chumbani. Nikikuomba unifungulie, usinifungulie.” Nikamfungia. Yaliyofuata ndiyo waitayo arosto. Haikupita nusu siku akaanza kupiga miayo, machozi na kamasi zikamtoka kama mwenye mafua. Siku ya pili na ya tatu zilikuwa ndizo kali: jasho na baridi kwa pamoja, matapishi, tumbo la kuendesha, mifupa ikimuuma hata akaikunja miguu na kuinyoosha usiku kucha. Mama alikaa nje ya mlango na bakuli la uji lililokwisha kupoa. Mdogo wangu alinililia kwa jina la baba nimfungulie. Sikumfungulia.

Nimejiuliza mara nyingi: yupi aliyekuwa mdogo wangu wa kweli? Yule wa jana aliyeniomba nifunge, au huyu wa leo aliyeniomba nifungue? Ukimtii wa jana, unamdhulumu wa leo. Ukimtii wa leo, unamsaliti wa jana. Siku hizo sikusita. Nilisema aliyefunga mkataba ni wa jana, na huyu wa leo ni unga unaosema kwa sauti yake. Sasa ninaona kuwa nilikosea. Wote wawili walikuwa yeye. Mwenye kuumwa hapotezi haki ya kusikilizwa kwa sababu tu maumivu yake yamemgeuza sauti. Ningeweza kuushika mkataba wa jana na papo hapo nikamwita tabibu kwa ajili ya wa leo, maana maji yalikuwa yakimwishia mwilini na ziko dawa za kuipunguza adha ile. Lakini nilidhani kuwa maumivu ni sehemu ya malipo yake. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

La pili ni kubwa zaidi. Baada ya wiki moja alitoka, amekonda, macho maangavu. Tukapika pilau. Tukawaambia majirani kuwa keshapona. Kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake. Kwa siku saba za kelele tulikuwa naye sote. Kwa siku za kimya zilizofuata, siku za kukosa usingizi, za kukosa kazi, za kutojua jioni aende wapi, hatukuwa naye. Akiingia ukumbini, mikoba ilihama. Haukutimia mwezi wa pili akarudi kule alikotoka, akatumia kiasi kile kile alichokuwa akikitumia zamani. Alfajiri tukaletewa habari.

Baadaye ndipo nilipojifunza jambo ambalo kila nyumba yenye mtu wa aina hii inapaswa kulijua: mwili uliokwisha kujisafisha hauwezi tena kubeba kipimo ulichokuwa umekizoea. Mwenye kuacha kisha akarudia yumo katika hatari kubwa kuliko asiyeacha. Basi mlango wangu ulimtakasa, na utakaso ule, pasi na mtu wa kukaa naye, ndio uliolifanya kosa moja kuwa la mwisho.

Watu hunifariji kwa kusema kuwa alijitakia. Ni kweli kwamba moshi wa kwanza aliuvuta kwa hiari. Lakini wa mia je? Hiari ya mtu si jiwe lisilopungua. Hupungua kama akiba, na unga huila akiba hiyo kabla ya kuila mali. Wengine nao huvuka mpaka upande wa pili, wakasema kuwa ni mgonjwa tu, halaumiwi kwa lolote. Hili nalo silikubali. Asiyelaumiwa kwa lolote hawezi pia kusifiwa kwa lolote, na mimi nimewaona walioacha, nami sikubali kuwanyima sifa yao.

Chama cha Narcotics Anonymous, kilichoanza California mwaka 1953, kinamtaka mtu katika hatua yake ya kwanza akiri kuwa hana nguvu mbele ya ulevi wake. Nyumba za upataji nafuu zilizofunguliwa Unguja tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 nazo zimeufuata mwendo huo. Mwanzoni nilishangaa: vipi umwambie mtu aseme “siwezi,” halafu umtake aweze? Jibu nililipata ufukweni. Anayevuta mashua kuipandisha mchangani hawezi peke yake, naye kusema hivyo si uvivu. Huo ndio wito. Lakini wenzake wakija, bega lake nalo lazima liwepo. “Siwezi” na “siwezi peke yangu” ni kauli mbili mbalimbali, na baina yao ndipo wokovu ulipo.

Wako wanaoikejeli methadoni. Dawa hii ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na Unguja mwaka 2015. Mtu huinywa kila siku mbele ya mhudumu, ikamwondolea arosto bila kumlewesha akishapatiwa kipimo chake. Hao wenye kejeli husema kuwa ni kubadilishiwa ulevi tu. Nawauliza: aliyekuwa akiamka na kuwaza ataiba wapi, na sasa anaamka na kuwaza atavua wapi, amebadilishiwa ulevi au amerudishiwa asubuhi yake? Hata pombe, kama wanavyuoni wanavyotufundisha, haikuharimishwa kwa siku moja. Iliharimishwa kwa hatua, kwa sababu aliyeharimisha aliwajua waja wake.

Kokeni, ambayo nayo watu huiita unga, ina mlango wake. Aiachaye hatapiki wala haumwi mifupa kama wa heroini. Huangukia usingizi mzito, njaa, na huzuni ambayo huweza kumfikisha kuitamani mauti. Nayo methadoni haimfai, wala hadi leo haijathibitishwa dawa ya kushika mahali pa kokeni. Tiba yake kubwa ni mazungumzo, ratiba ya siku, na watu. Kwa hiyo ambapo dawa ni haba, hapo ndipo “na” ya methali yetu inapokuwa dawa yenyewe.

Niliwahi kutafsiri kijitabu juu ya mambo haya. Neno la Kiingereza nililolikuta humo lina harufu ya kukipata tena kilichopotea. Niliandika “kupona,” nikalifuta. Kupona kuna mwisho. Mtu akishapona, wageni huondoka. Nikaandika “kupata nafuu.” Nafuu haina siku ya pilau. Hupatikana leo, na kesho hutafutwa tena. Laiti ningelijua neno hilo mapema.

Kwa marehemu nilijaribu kutunga utenzi, ukanishinda. Ubeti mmoja tu ndio uliobaki, nao si wa bahari ya utenzi:

Mlango niliufunga, ufunguo mkononi,
Nikadhani nimechunga salama yake nyumbani,
Kumbe lililomzonga lilikuwa mwake ndani,
Hapoi mchuma janga, pasi wake ubavuni.

Mwenzake mmoja wa zamani yu hai. Kila siku huenda kunywa methadoni, kisha huenda kwenye pweza wake. Majuzi alipita barazani kwangu, akaketi karibu nami. Mkono wangu, bila ya amri yangu, ukaenda mfukoni. Aliuona. Akacheka kidogo, akasema: “Kaka, hata mimi ningeushika.”

Niliona haya. Nikampa noti aniletee mkate. Akarudi na mkate na chenji, akaniaga. Alipokata kona niliihesabu ile chenji. Ilitimia. Nikajua kuwa nami nina arosto yangu, ya kushuku, nayo haikuisha kwa siku saba. Kesho, akipita, nitamtuma tena.