Kabla Wingu Halijafika

Soma Matendo 27:9–13 na Kumbukumbu la Torati 22:8. Kosa la akida lilikuwa lipi hasa?

Wakati wa masika, siku ya Musoma inaweza kuanza na jua, na kufikia saa nane mchana wingu zito limesimama juu ya ziwa. Vijijini Bunda na Butiama, korongo ambalo mtoto alilivuka asubuhi bila kulowa linaweza kuwa mto wakati wa kurudi. Mwalimu mkuu anatazama mbingu na kupima. Akiwarudisha watoto na mvua isinyeshe, wamekosa masomo, na baadhi yao wamekosa uji wa shuleni. Wazazi watanung'unika, tena si bila sababu.

Aprili 2019, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitahadharisha kuhusu kimbunga Kenneth, na shule mkoani Mtwara zikafungwa. Tarehe 25 kimbunga kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ambako watu zaidi ya 40 walikufa. Mtwara ikanusurika. Je, agizo lile lilikuwa kosa? Torati ilimwagiza mwenye nyumba kuweka ukingo kuzunguka dari yake, asije mtu akaanguka. Ikipita miaka 30 bila mtu kuanguka, hakuna atakayesema ukingo ulijengwa bure.

Akida Yulio hakuwa mtu mbaya. Alimtendea Paulo kwa wema (27:3). Aliwasikiliza nahodha na mwenye merikebu, watu wanaoijua bahari, na wengi wakakubaliana nao. Mtu mwenye busara angefanya hivyohivyo. Lakini mwenye merikebu alikuwa na shehena ya kufikisha, na merikebuni walikuwamo wafungwa, ambao maoni yao hayakuhesabiwa. Hapo ndipo pa kuangalia: nani anaamua, na nani ataumia uamuzi ukikosewa? Mtoto wa darasa la pili haulizwi kama avuke korongo au asivuke.

Kisha upepo wa kusini ukavuma taratibu, wakadhani wamepata walichotaka. Wangengoja dhoruba ili wahakikishe, wangehakikisha wakiwa tayari baharini. Shuleni ni vivyo hivyo. Kengele ya kuwaruhusu watoto inayopigwa wingu likiwa limeshafika inawatoa chini ya bati na kuwapeleka korongoni, saa mbaya kuliko zote. Saa hiyo huenda ni heri kuwazuia madarasani hadi maji yapungue, hata giza likiingia. Uamuzi wa kufunga una thamani asubuhi, wakati bado hakuna uhakika.

Jadilini: Mwalimu mkuu alifunga shule Jumatatu na mvua haikunyesha. Jumatano wingu ni lilelile, na wazazi wamekwisha kumcheka. Mzee wa kanisa ambaye mtoto wake anasoma hapo amwambie nini?