Moto wa Makaa Ufuoni

Jumapili iliyopita tulisoma Yohana sura ya 21, lakini mvua ilipiga mabati hadi wengi wenu huko nyuma hamkusikia kitu. Basi nimeombwa niliandike neno hilo hapa. Shika Biblia yako. Fungua pia sura ya 18, mstari wa 18, uweke kidole hapo. Tutarudi.

Petro amerudi kuvua. Wako saba ndani ya mashua, wamekesha usiku mzima na hawajapata hata samaki mmoja. Wale mliolelewa Mbita au Homa Bay mnajua, mvuvi akirudi asubuhi na nyavu tupu hapendi kuongeleshwa. Mtu amesimama ufuoni anawaambia watupe upande wa kulia. Wanatupa, wanashindwa kuvuta. Samaki wakubwa 153! Yohana anamtambua Bwana, na Petro anajitupa majini bila kungoja mashua ifike.

Hapo ndipo huwa tunapiga makofi, kwa sababu ya wale 153. Tunapenda muujiza unaohesabika, si ndiyo? Lakini soma mstari wa 9. Waliposhuka walikuta moto wa makaa umeshawaka, juu yake samaki, na mkate. Hao samaki hawakutoka kwenye ule wavu, maana wavu ulikuwa bado haujavutwa nchi kavu. Bwana alikuwa na samaki wake mwenyewe, na alikuwa anapika.

Hebu fikiria. Huyu ameshinda mauti. Asubuhi hiyo angeweza kwenda kumgongea Pilato mlango amwonyeshe mikono yake. Badala yake yuko kwenye makaa, anawapikia watu waliomkimbia. Kama umewahi kuwasha jiko kwa makaa yaliyolowa, moshi unakuingia machoni na watoto wanangoja chai waende shule, unajua hiyo si kazi inayompa mtu heshima. Biblia haisemi makaa yale aliyatoa wapi. Inasema tu kwamba yalikuwepo kabla wenye njaa hawajafika.

Sasa rudi pale ulipoweka kidole. Ni usiku, kuna baridi, watumwa na walinzi wamewasha moto katika ua wa kuhani mkuu. Moto gani? Wa makaa. Petro amesimama nao anaota moto, na hapo hapo anamkana Bwana. Katika Kigiriki ni neno moja, anthrakia, na katika Agano Jipya lote linapatikana mahali pawili tu: ule moto ambao Petro alimkania Bwana, na huu ambao Bwana amempikia. Mimi nafikiri Petro alipotoka majini akasikia harufu ya makaa, tumbo lilimkata. Haya ya harufu ni yangu, Yohana hakuyaandika. Lakini mtu aliyewahi kukosea anajua jinsi harufu moja inavyoweza kukurudisha mahali usipotaka kurudi.

Na Bwana anamwambia nini? Njooni mle. Hilo tu. Kumuuliza atamuuliza, mara tatu, lakini Yohana anasema wazi katika mstari wa 15 kwamba ilikuwa baada ya kula.

Niwape ushuhuda ambao wachache hapa wanaujua. Nilipokuwa na miaka 23 nilikuwa kiongozi wa vijana, kanisa lingine, mtaa mwingine. Chama cha akina mama kilinikabidhi shilingi 14,000 nikanunue sufuria kubwa za kupikia kwenye harusi na matanga. Jumamosi hiyo kulikuwa na mechi. Nilibeti 500 tu, nikijua nitairudisha kabla ya jioni. Ikaenda. Nikaweka elfu moja kuikomboa ile 500. Kufikia Jumapili usiku nilikuwa nimebaki na shilingi mia tatu na kitu, na zile sufuria zilikuwa bado dukani.

Nilizima simu. Nikaacha kanisa. Mweka hazina wa chama alikuwa mama mmoja aliyechoma mahindi kwenye steji yetu, kwa hivyo nikaanza kupitia njia ya nyuma, kando ya mtaro, ambako hata mchana hapapitiki vizuri. Majuma saba nilipita mtaroni. Na kila usiku, niwaambie ukweli, nilikuwa naomba. Nilimwomba Mungu anipe 14,000 kwa muujiza ili nisilazimike kuonana na yule mama.

Pesa hazikuja. Jioni moja mtaro ulifurika, ikabidi nipite kwenye steji. Nimeinamisha kichwa, mvua inaninyeshea, nasikia, "Wewe kijana, ingia kwenye mwavuli, unalowa." Akasogeza mtungi ili nikae. Akageuza hindi moja kwenye jiko, akalipaka ndimu na pilipili, akanipa. Akaniuliza mamangu anaendeleaje na mguu wake. Nilikula nikitetemeka, si kwa baridi. Nilipomaliza akachukua gunzi mkononi mwangu, akalitupa, akafuta mikono kwa leso. "Haya. Sasa niambie. Zile pesa zilienda wapi?"

Nikamwambia. Hakunipigia kelele, wala hakusema si kitu. Alikaa kimya mpaka matatu mbili zikajaa zikaondoka. Kisha akasema, "Utaniletea mia tano kila Ijumaa. Na Jumapili utakuja kanisani, ukae mahali pako."

Ilinichukua Ijumaa 28. Msimu wa mahindi ulipoisha akahamia viazi vitamu. Hakuna Ijumaa hata moja aliyoniacha niondoke bila kula, na hakuna Ijumaa hata moja aliyonisamehe ile mia tano.

Kuna watu huniambia, mchungaji, neema ni kufutiwa. Ndiyo, dhambi yangu ilifutwa msalabani, naamini hivyo na nitakufa nikiamini hivyo. Lakini ningefutiwa tu lile deni kwa ujumbe wa simu, pengine hadi leo ningekuwa bado napita mtaroni. Mimi nilihitaji kuitwa nikae. Petro naye aliulizwa, na swali la tatu lilimhuzunisha, Biblia inasema. Lakini aliulizwa akiwa ameshiba, ameketi karibu na moto, na baada ya kila jibu alipewa kondoo wa kuchunga.

Kwa hivyo tusingoje kesha la mwisho wa mwezi ndipo tuseme Mungu ametutembelea. Kondakta aliyekubeba ukiwa umepungukiwa na shilingi 20, ulimwita nani? Jirani aliyekuanulia nguo mvua ikija nawe uko kazini? Sisemi kila anayekuchomea hindi ni malaika. Nasema Bwana aliyewasha makaa ufuoni hajaacha kupika, na sisi tunapita tukitafuta moto mkubwa zaidi.

Na hapa niseme linaloniuma. Kuna wenzetu hatujawaona tangu ile harambee. Mmoja wa kwaya, na familia moja iliyokuwa ikikaa upande wa dirisha. Tunajua ni kwa nini, na wao wanajua kwamba tunajua. Mwezi uliopita nilisema maneno fulani madhabahuni bila kutaja jina, lakini kila kichwa kiligeuka kuangalia kiti kilichokuwa kitupu. Nilikosea. Nilimfanyia mtu lile ambalo yule mama wa steji hakunifanyia mimi. Nimetubu mbele za Mungu, na Jumanne nilienda kwa huyo mtu nikamwomba msamaha. Alinikaribisha chai. Mimi ndiye niliyekosa, na yeye ndiye aliyewasha jiko.

Jumatano hii baada ya maombi akina mama watawasha majiko mawili pale nje, upande wa lango. Kutakuwa na chai na mahindi. Kama kuna mtu humwoni siku hizi, usimwandikie kwenye grupu kumuuliza alipotelea wapi. Mpitie nyumbani mje naye. Na kama ni wewe unayepita njia ya nyuma, lango litakuwa wazi kuanzia saa kumi na mbili jioni. Hakuna atakayekuuliza chochote kabla ya chai.