Je, Kumpeleka Mtoto Shule Maalum ni Kukosa Imani?

Wiki hii naandika nikiwa na deni.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa hapa Kisauni alinijia baada ya ibada, amemshika mkono bintiye wa miaka minane. Mtoto huyo alikuwa hasomi mpaka kitabu kiguse pua. Shuleni alikalishwa nyuma, darasa limejaa, ubao hauoni, na mwalimu akaamua ni mvivu. Jirani alimshauri mama akampimishe macho, pengine ahamie shule ya vipofu kule Likoni. Akaniuliza, "Mzee, nikimpeleka huko si nitakuwa nimekubali ugonjwa?"

Nikamjibu ndiyo. Nikamwambia, dada, usikiri upofu, funga na uombe. Na wakati namwambia hayo, jameni, mimi mwenyewe nimevaa miwani.

Tulifunga. Mtoto akakaa nyumbani miaka miwili.

Nisieleweke vibaya. Yesu anaponya, na yule kipofu wa Yohana 9 alirudi akiona. Lakini tazama wanafunzi walianzia wapi: walitaka kujua nani katenda dhambi, yeye ama wazazi wake. Bwana akakataa yote mawili. Sisi swali lile lile tunaliuliza kwa maneno matamu, eti imani ya mama iko wapi? Ndiyo maana kuna watoto wanaofungiwa chumbani wageni wakija, na wageni wenyewe ni sisi wa ushirika wa nyumbani.

Halafu kuna Mefiboshethi, 2 Samweli 9. Daudi alituma watu wakamtoa Lo-debari, akamrudishia mashamba ya babu yake Sauli, akamketisha mezani pake siku zote. Sura inakwisha Mefiboshethi angali kiwete miguu yote miwili. Daudi hakungoja apone ndipo amwekee kiti. Nimehubiri sura hiyo mara nyingi, na sikuwahi kuufikiria ule mstari wa mwisho.

Karo ya shule za msingi za serikali iliondolewa 2003, na Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kusoma. Lakini haki haimlipii mtu nauli. Kutoka huku unabadilisha matatu mjini, unavuka feri. Feri ni bure kwa wanaotembea, matatu si bure, na siku hiyo mama hakuuza mahamri. Kuna godoro, sare, sabuni ya bweni.

Mwaka jana nilikwenda kwake kuomba msamaha. Hakulia, wala hakunikemea. Binti sasa anasoma nukta nundu kwa vidole, darasa moja na watoto wadogo kuliko yeye. Mama aliniuliza jambo moja tu: shule inafungua Jumatatu, je, kanisani kuna mwenye gari?