Kazi Moja kwa Mashine ya Kazi Zote

Kompyuta ndogo ya mezani inapoondolewa katika shughuli za barua na hesabu, ikawekwa chini ya runinga, ikaunganishwa na diski kubwa ya kuhifadhia na kupewa programu ya kuonyesha filamu, muziki na picha za familia, husemwa kwamba imegeuzwa kuwa kituo cha midia cha nyumbani, yaani chombo kimoja ambacho watu wa nyumba hukiendesha kwa rimoti wakiwa wameketi kwenye kochi. Kauli hiyo ya kugeuza huonekana nyepesi, lakini ndani yake mna swali ambalo wanafalsafa wamelijadili kwa zaidi ya miaka 2,000: kitu kilichotengenezwa na mikono ya watu hupata wapi kusudi lake? Saketi za kompyuta hiyo hazikuongezwa wala kupunguzwa, na umeme hupita mle mle ulimokuwa ukipita. Hata hivyo kila anayeingia sebuleni huiona kuwa ni kitu kingine, wala hakosei.

Jibu la kale lenye uzito ni la Aristotle, aliyeishi Ugiriki katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Katika kitabu chake cha Fizikia alitofautisha vitu vya maumbile, ambavyo chanzo cha mwendo na ukuaji wake kimo ndani yake vyenyewe, na vitu vya ufundi, ambavyo umbo lake limetoka kwa fundi. Na hapo akamtaja Antiphon, aliyesema kwamba kitanda kikizikwa ardhini, kikaoza na kuchipua, kitakachoota ni mti wala si kitanda. Ubao, kwa maneno mengine, haujui kwamba umekuwa kitanda. Katika kitabu cha Siasa aliongeza jambo linalogusa zaidi suala hili: kiatu kina matumizi mawili, kuvaliwa na kubadilishwa kwa kitu kingine, na yote mawili ni matumizi ya kiatu kweli, lakini ya pili siyo yanayokihusu hasa, kwa sababu kiatu hakikushonwa ili kibadilishwe. Kwa mizani hiyo, matumizi halali ya chombo ni yale yaliyokuwa akilini mwa aliyekitengeneza, na mengine yote yanakuja nyuma yake.

Mizani hiyo inaweza kupimwa kwa Mac mini, kompyuta ambayo Steve Jobs wa kampuni ya Apple aliitangaza San Francisco mnamo Januari 2005 kwa bei iliyoanzia dola 499. Ilikuwa kasha la mraba lenye upande wa sentimita 16.5 na kimo cha sentimita 5, nayo iliuzwa bila skrini, kibodi wala kipanya, kwa kuwa mnunuzi alitarajiwa kuwa navyo tayari. Ilikuwa, basi, kompyuta ya dawati. Lakini udogo wake, utulivu wa feni yake na kisomeo chake cha DVD viliwafanya watu waipeleke sebuleni mapema sana. Toleo la 2006 lilikuja na rimoti na programu iitwayo Front Row, ya kuchagua filamu na muziki kwa maandishi makubwa yanayosomeka kwa mbali, na toleo la 2010 likawa na tundu la HDMI, waya unaobeba picha na sauti kwa pamoja hadi kwenye runinga. Mtengenezaji alikuwa akifuata nyayo za watumiaji. Kisha, mwaka 2011, akarudi nyuma: Mac mini mpya ilikuja bila kisomeo cha diski, na mfumo endeshi wa mwaka huo, yaani programu kuu inayosimamia kompyuta nzima, haukuwa tena na Front Row. Kama kusudi lingekuwa mali ya mtengenezaji peke yake, sebule zilizokuwa na mashine hizo zingebaki na vitu visivyo na maana. Hazikubaki hivyo, kwa kuwa zilikuwapo programu nyingine zilizoandikwa na watu wasiokuwa na uhusiano wowote na kampuni hiyo.

Inayojulikana zaidi kati ya hizo ni Kodi, na historia yake yenyewe ni hoja. Ilianza mwaka 2002 kama programu ya kuchezea video kwenye Xbox, mashine ya michezo ya Microsoft, ambayo ilibidi kwanza ifanyiwe marekebisho na mwenyewe ili ikubali programu isiyoidhinishwa na kampuni. Iliitwa kwa muda mrefu Xbox Media Center, ikaenea hadi kwenye Linux, Windows na kompyuta za Apple, ikazaa tawi lililokuja kuitwa Plex, na mwaka 2014, ilipokuwa imekwisha kuachana na Xbox, ikachukua jina la Kodi. Ni programu huria, maana yake msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Kusudi ambalo mtengenezaji wa mashine ya kwanza hakulikusudia limeendelea kuishi baada ya mashine hiyo kuacha kutengenezwa, likihama kutoka chombo hadi chombo.

Hata hivyo, Aristotle hakushindwa kwa sababu watu wa leo ni wakaidi kuliko wateja wa washona viatu wa Athens. Ameshindwa kwa sababu kompyuta si chombo cha aina aliyoijua. Mwaka 1936 Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza, alieleza mashine ya kufikirika inayosoma na kuandika alama kwenye utepe, kisha akaonyesha kwamba inawezekana kuwa na mashine moja ambayo, ikipewa maelezo ya mashine nyingine yoyote ya namna hiyo, itatenda hatua kwa hatua yote ambayo hiyo nyingine ingetenda. Mashine hiyo huitwa mashine ya jumla, na kompyuta za leo, kwa kadiri kumbukumbu na kasi yake zinavyoruhusu, ni za ukoo wake. Shoka lililotumika kuzuilia mlango limetumiwa nje ya kazi yake, na kila mtu hulitambua hilo. Lakini kompyuta inayoonyesha filamu haiko nje ya kazi yake zaidi ya inayopiga hesabu za mishahara, kwa sababu mashine ya jumla haina kazi moja iliyo yake na nyingine zilizo za kuazima. Kazi yake ni kuipokea kazi.

Ikiwa ni hivyo, neno kugeuza halielezi vizuri kinachotendeka. Kompyuta ilikuwa na uwezo wa kuonyesha filamu tangu siku ilipotoka dukani, na siku ya kugeuzwa hakuna uwezo mkubwa iliouongezewa. Ilichofanyiwa ni kunyimwa. Huondolewa kibodi, huondolewa arifa za barua pepe, huamriwa iwakapo ifungue programu moja na isionyeshe kitu kingine chochote, na mlango wa kurudi kwenye skrini ya kawaida hufichwa. Upo hata mfumo endeshi uitwao LibreELEC, uliojitenga na mfumo mwingine uitwao OpenELEC mwaka 2016, ambao umepunguzwa hadi kubaki na kile tu kinachohitajika ili Kodi ifanye kazi. Mtu anayeutumia hupata kompyuta ambayo kwa makusudi haitaandika barua wala kupokea arifa za ofisini. Hapo ndipo kusudi linapozaliwa: si katika kiwanda, wala si katika saketi, bali katika uamuzi wa mtu wa kuyaacha mengi yanayowezekana kwa ajili ya moja analolitaka. Jambo hili lina uzito wa kimaadili, maana zama hizi huuza kila chombo kwa sifa ya kufanya yote, na simu iliyo mkononi humfuata mtu kitandani ikiwa na ofisi, soko na baraza ndani yake. Kuamua kwamba chombo hiki hakitafanya zaidi ya hiki ni kuamua pia sebule iwe mahali pa namna gani.

Dini zilifahamu uamuzi wa namna hii mapema kuliko falsafa ya mashine. Katika sheria ya Kiislamu, wakfu ni mali ambayo mwenyewe ameizuia isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, ili manufaa yake yaende kwenye jambo jema alilolitaja. Shamba lililowekwa wakfu kwa ajili ya msikiti hubaki kuwa shamba lile lile lenye minazi ile ile, lakini haliwezi tena kutumiwa kwa jambo jingine lolote. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, wamekubali pia wakfu wa vitu vinavyohamishika, mradi kitu chenyewe kibaki baada ya kutumiwa. Biblia nayo ina vyombo vya hema na hekalu ambavyo, vikishatengwa kwa ibada, havirudi kwenye matumizi ya kila siku. Kulinganisha haya na kasha lililo chini ya runinga kuna mpaka ambao lazima uheshimiwe: hapa hakuna nia ya kumwabudu Mungu, na kilichofungwa kinaweza kufunguliwa jioni moja. Lakini muundo wa tendo ni mmoja, yaani kitu hakibadiliki katika mwili wake, na mabadiliko yote yamo katika ahadi ya watu juu yake.

Yupo mwanafalsafa ambaye asingekubali sifa hizi. Albert Borgmann, Mjerumani aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Montana nchini Marekani, alitoa mwaka 1984 kitabu kuhusu teknolojia na tabia ya maisha ya kisasa, ambamo alitenganisha vitu vinavyowakusanya watu na vifaa vinavyowapa tu bidhaa. Mfano wake ulikuwa meko ya nyumba za zamani: ilihitaji mmoja apasue kuni, mwingine auwashe moto, mwingine auangalie, na kwa kuhitaji hivyo ikawafunza stadi na kuwaketisha pamoja, ilhali mtambo wa kisasa wa joto hutoa joto lile lile bila kumtaka mtu yeyote, na mitambo yake hufichwa ukutani. Kwa hoja hiyo, kituo cha midia ni kifaa kamili, kwani sifa yake kubwa ni kwamba mashine imefichwa na filamu hutoka kwa kubonyeza kitufe.

Borgmann ana haki kwa nusu, na nusu hiyo ni nzito kuliko wapenzi wa kompyuta wanavyokubali. Anayekitengeneza kituo hicho hupata yote ambayo meko ilitoa: hujifunza jinsi faili zinavyopangwa, hukagua kila diski, huzipa filamu majina na miaka yake, hukesha akitafuta kwa nini sauti haiendani na midomo. Wengine wa nyumba hupata kitufe. Stadi yote hukusanyika kwa mtu mmoja, na nyumba nzima huanza kumtegemea bila kujua kwamba inamtegemea, hadi siku anaposafiri au anapofariki, nenosiri likiwa kichwani mwake. Kasoro hii haimo katika mashine. Imo katika kuufanya utunzaji kuwa siri ya mmoja, na tiba yake ni ile ile ya meko, yaani kugawa kazi: mtoto afundishwe kuingiza picha, na mwenza ajue diski ya akiba iko wapi.

Utunzaji huo una sababu ya kuchukuliwa kwa uzito. Mwezi Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta kwa mbali, kutoka kwenye visomeo vya vitabu vya kielektroniki vya wateja wake, nakala za vitabu viwili vya George Orwell ilivyokuwa imewauzia, baada ya kubainika kwamba aliyevipakia hakuwa na haki ya kuviuza. Fedha zilirudishwa, lakini tukio lilionyesha kwamba anayenunua kwa njia hiyo huwa na ruhusa tu, na ruhusa hutenguliwa. Faili iliyo kwenye diski ya nyumbani haifutwi na aliye mbali. Kwa upande mwingine, kuwa nayo hakuifanyi iwe halali: nchini Marekani sheria ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kufuli la kidijitali la DVD hata ambayo mtu ameinunua, na ghala lililojaa filamu zilizochukuliwa bila malipo ni mali ya wengine hata likipangwa kwa ustadi gani. Kilicho cha familia bila shaka yoyote ni kile ilichokitengeneza yenyewe: picha za harusi, sauti ya bibi akisimulia, video ya mtoto akijifunza kutembea.

Tofauti hiyo ndiyo inayojibu swali la mrithi atakayeikuta mashine hiyo na kutaka kuipa kazi nyingine. Kwa kuwa ni mashine ya jumla, haidhulumiwi kwa kupewa kazi mpya, na ahadi iliyoifunga ilikuwa ya watu wengine. Lakini waliorekodiwa ndani yake, ambao baadhi yao hawatarekodiwa tena, wana haki juu yake kabla ya yeye. Anaweza kuifuta, mradi kwanza azihamishe kumbukumbu hizo kwenye diski nyingine, azifungue huko moja baada ya nyingine, na kuhakikisha kwamba zinaonekana na kusikika.