Juu ya Ujira wa Mali Kauli

Swali hili laulizwa sana siku hizi: Mtu akipewa mali ya mwenziwe ili aiuze, yampasa atwae ujira kiasi gani? Zamani lilikuwa swali la madalali na wenye maduka. Sasa ni la watu wengi, maana kila mwenye simu aweza kuwa na duka mtandaoni. Mama atengenezaye batiki humpa kijana vitambaa vyake, naye kijana huvipiga picha, huvitangaza, huwapelekea wanunuzi, kisha humletea mama fedha. Biashara hii jina lake ni la kale, mali kauli, nalo jina lenyewe lafundisha: mali imekwisha kwenda, fedha haijaja, na lililopo katikati ni kauli tu.

Wako wasemao ya kwamba kukata 40 kwa mia ni unyang'anyi. Sisi hatusemi hivyo upesi. Tazameni kazi yenyewe. Shati la shilingi 10,000 hufuliwa, hupimwa, hupigwa picha, huandikiwa maelezo. Watu ishirini huuliza habari zake, na kumi na tisa hawanunui. Kisha hufungwa na kupelekwa. Mkoba wa shilingi 500,000 wahitaji kazi karibu ile ile. Basi 20 kwa mia ya shati ni shilingi 2,000, wala haimtoshi muuzaji. 20 kwa mia ya mkoba ni 100,000. Kwa sababu hiyo duka la The RealReal, lililoanzishwa Marekani mwaka 2011, limeweka ngazi: kitu cha bei ndogo hukatwa sehemu kubwa, na cha bei kubwa hukatwa sehemu ndogo. Mtu aweza kulalamika, lakini hesabu ina haki yake.

Dhuluma hukaa katika neno lisiloelezwa. Tuseme kitambaa kimeuzwa kwa shilingi 100,000, na wenye soko la mtandaoni wamekata 13,000 yao. Kijana alimwambia mama, "Mimi nakata 40 kwa mia." Arobaini ya nini? Kama ni ya bei yote, na ada ya soko yamhusu kijana, mama apata 60,000. Kama ada hutolewa kwanza, ndipo iliyobaki igawanywe, apata 52,200. Na kama kijana atwaa 40,000 zake zote na ada yamwangukia mama peke yake, apata 47,000. Kauli ni moja, malipo ni matatu! Kijana aliyenyamaza akachagua hesabu impendezayo hakusema uongo hata neno moja, na hata hivyo twasema amemdhulumu, kwa kuwa alijua mama hakuelewa.

Tena liko jambo la kupunguza bei, nalo watu hulisahau. Kitu cha 100,000 kikiuzwa kwa 70,000, muuzaji wa 40 kwa mia apungukiwa na 12,000 tu, naye ameokoa miezi miwili ya kungoja. Mwenye mali apungukiwa na 18,000, wala hakuulizwa. Kwa hiyo bei ya chini kabisa ni ya mwenye mali kuitaja, si ya muuzaji. Upande wa pili, mwenye mali naye asidai fedha siku ile ile ya kuuza. Soko la eBay, kwa mfano, humpa mnunuzi siku 30 za kudai kama alicholetewa si kile alichoelezwa; muuzaji akilipa mapema, kisha kitu kikarudishwa, hasara ni yake.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko hizo zote ni kuanguka kwa muuzaji. Mwezi wa Machi 2016 kampuni ya Sports Authority ya Marekani, yenye maduka ya vifaa vya michezo, ilishindwa kulipa madeni yake. Ndani ya maduka ilikuwamo mali kauli ya thamani ya dola milioni 85 hivi. Sheria ya biashara ya huko yamtaka mfanya biashara apelekaye mali ya namna hiyo aandikishe serikalini ya kuwa ni yake; asipofanya, wadai wa duka waweza kuishika. Basi wenye mali zaidi ya mia moja walishitakiwa juu ya vitu ambavyo hawakulipwa bado.

Huku kwetu kuanguka si kwa kufilisika tu. Kijana aweza kufa, na ndugu zake wakikuta vitambaa chumbani huvihesabu kuwa urithi. Wako wakataao karatasi wakisema, "Sisi twajuana." Kweli, mama na kijana wajuana, lakini je, warithi wa kijana wamjua mama? Basi na waandike nakala mbili: vitambaa vingapi, bei ya chini, siku za kungoja, kila kitakachokatwa kwa shilingi na si kwa sehemu tu, na kisichouzwa kirudishwe kwa gharama ya nani. Fedha ya mama isichanganywe na matumizi ya kijana hata usiku mmoja. Na mama asiyejua kusoma asomewe na mtu aliyemchagua mwenyewe, kijana akiwapo kusikia.