Ulimi Si Mizani ya Akili

 

Kashai ni kata ya mji wa Bukoba, kando ya ziwa Viktoria. Mtoto wa Kiislamu wa huko huweza kusema Kihaya na mamake, Kiswahili na jirani, na chuoni akasoma Kurani kwa Kiarabu. Akipelekwa katika skuli ya binafsi ifundishayo kwa Kiingereza, hutahiniwa mlangoni. Na akishindwa kujibu kwa lugha hiyo, pengine huambiwa ni mzito wa akili. Jambo hili halihusu Bukoba tu, bali hata miji ya pwani. Je, hukumu hiyo ni haki?

Mwenye skuli ana haki ya kuweka sharti, na kuuliza mtoto aanzie wapi ni jambo jema. Lakini kutazama pa kuanzia ni mbali, na kuhukumu akili ni mbali. Pishi hupimia mchele, na wari hupimia nguo. Apimaye nguo kwa pishi atakosea, ijapokuwa pishi yake ni kamili. Tena, watoto wanaowahi kujua Kiingereza aghalabu ni wale ambao baba zao waliweza kulipia. Basi mtihani uliowekwa kupima kichwa cha mtoto huishia kupima mfuko wa baba.

Nabii Musa (A.S.) alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi, akakiri kuwa nduguye Haruni ni fasihi kuliko yeye. Mwenyiezi Mungu hakumvua utume kwa hilo, bali alimpa Haruni awe msaidizi wake. Mwenye uzito wa ulimi husaidiwa, hafungiwi mlango. Kwa hiyo mwalimu mwadilifu na amuulize mtoto hesabu na fahamu kwa lugha aijuayo, kisha atazame Kiingereza chake, apate kujua amsaidie wapi.

Wala baba asikae akilalamika tu. Tangu 1967 skuli za msingi za serikali ya Tanzania kwa kawaida hufundisha kwa Kiswahili, na za sekondari kwa Kiingereza. Aliyeukosa mlango wa kwanza ataikuta lugha ile ile katika wa pili. Basi yampasa baba amtafutie mwanawe mafunzo mapema. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye, kama ilivyopokewa, akayajua kwa nusu ya mwezi. Lakini hakuamrishwa kukiacha Kiarabu wala kukionea haya.

Katika Sura ya Rum, kutafautiana kwa ndimi kumehesabiwa miongoni mwa ishara za Mwenyiezi Mungu. Basi anayemdharau mtoto kwa lugha ya mamake, akiwa mwalimu au baba, na atazame anadharau kazi ya nani.

Wallahu aalam.